Mtangazaji asiye na kipindi chake ni winga tu

Wiki hii kantini kulikuwa na ligi kali: nani mtangazaji mkali Bongo. Sauti, swaga, pamba... basi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kipindi chenyewe ni cha nani. Hapo ndo panaponikera.

Nendeni Kariakoo, mtaa wa Kongo au Aggrey, mkawaone mawinga. Winga ana mdomo huyo! Anakukokota mpaka dukani, unanunua, yeye anaambulia cha juu. Fremu, mzigo na mteja vinabaki kwa mwenye duka. Siku tajiri akimchoka, winga anaondoka na sauti yake tu. Watangazaji wetu wengi ndo walivyo, sema wao wanapulizwa na kiyoyozi.

Sasa mwangalieni Salama Jabir. Tulimzoea kwenye Planet Bongo, tukamwogopa akiwa jaji wa Bongo Star Search. Angeweza kuridhika na umaarufu. Ikaja Mkasi pale EATV, yale mahojiano ya saluni, halafu Salama Na huko YouTube, jina lake likiwa mlangoni kabisa. Millard Ayo naye, toka Amplifaya ya Clouds FM mpaka Ayo TV. Kuna watu wanasema mtu akitoka kwenye stesheni kubwa kaisha. Kaisha vipi? Mahojiano ya Salama Na ukiyataka saa nane usiku unayapata. Ya redioni ya enzi hizo mengi yalikwenda na upepo.

Na msiniambie ni mteremko. Mwaka 2018 zilipotoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, maombi laki moja, leseni milioni moja, na kila mwaka milioni nyingine. Kwa mtoto wa bumu hiyo ni kufungiwa mlango. Kanuni zilirekebishwa baadaye, sawa, lakini kamera, taa na mhariri havigawiwi bure. Ndo maana nawaheshimu waliothubutu, kuliko wenye sauti nzito.

Kwa hiyo nyie mnaosomea habari, acheni kushinda mbele ya kioo mnaigiza sauti. Jifunzeni kuhariri, kupiga hesabu na kusoma mkataba. Mkiitwa kwenye usaili, ulizeni: nikibuni kipindi mimi, siku nikiondoka kinabaki cha nani?

Wakikuchekea, ujue wanatafuta winga.

Nawakilisha. Ngoja niwahi pindi.