Kabare na Walungu: mvua ya mwezi wa tisa isitukute bila majani ya kupanda

Mwezi huu wa nane, kwenye vilima vya Kabare na Walungu, mtoto anatoka na ngombe asubuhi na kurudi naye jioni. Kutwa nzima mnyama ametembea kando ya barabara, amepanda kilima, ameshuka bondeni, akitafuta majani yaliyokwisha kukauka. Akifika nyumbani anafungwa kamba mpaka kesho yake. Mama akikaa kumkamua, maziwa hayajazi hata kikombe. Tukiuliza kwa nini, jibu ni moja: ni kipwa.

Lakini kipwa hakijawahi kutuvizia. Kila mwaka kinaanza mwezi wa sita na kuisha mwezi wa tisa. Wazee wetu walikuwa na vilima vipana vya kuhamishia ngombe wakati huo. Leo vilima hivyo vimejaa nyumba na mihogo, na vingine ni mashamba makubwa ya watu binafsi. Malisho yamepungua, ila sisi bado tunafuga kana kwamba yako palepale.

Tufanye hesabu. Ngombe wa kilo 300 anahitaji kila siku kilo 8 hivi za chakula kikavu. Majani mabichi yana maji mengi sana, kwa hiyo hizo kilo 8 ni sawa na kilo 40 za majani yaliyotoka kukatwa. Kwenye kilima cha mwezi wa nane hawezi kuzipata, hata achungwe kutwa. Anachokipata kinamtosha kubaki hai na kutembea. Maziwa yanatoka kwenye kile kinachozidi hapo, na hakuna kinachozidi. Akikosa chakula muda mrefu anakonda, anachelewa kutafuta dume, na ndama wake anadumaa.

Hatumwambii mtu aache kuchunga. Tunachosema ni kwamba ngombe wa maziwa akirudi jioni akute chakula kinamngoja: mafungu mawili matatu ya majani yaliyokatwakatwa kwa panga, maji ya kutosha na chumvi kidogo.

Majani hayo tunayajua. Penisetumu, yale marefu yanayofanana na matete, na tripsakumu tayari yako kwenye mistari ya kuzuia mmomonyoko katika mashamba mengi. Yanapandwa mvua ikianza, kwa kipande cha shina chenye vifundo vitatu, viwili vikiingia udongoni. Baada ya miezi mitatu au minne yanakatwa mara ya kwanza, kisha kila wiki sita mpaka nane, yakiwa na urefu wa mita moja hivi. Wengi wetu tunayaacha mpaka yanakuwa marefu kuliko mtu, halafu tunashangaa ngombe anapobagua mashina. Tuongeze miti kama kaliandra kwenye mipaka ya shamba: majani yake yana nguvu ya kuongeza maziwa, ila yasizidi theluthi moja ya chakula chote.

Kuna pia chakula tunachokitupa. Maharagi yanavunwa mwezi wa sita, wakati uleule kipwa kinapoanza. Maganda na mashina yake tunayachoma moto. Mabua ya mahindi yanaozea shambani. Vitu hivyo vikikaushwa na kuwekwa mahali pasipofikiwa na mvua, ni akiba ya wiki nyingi. Wakati wa kuvuna viazi vitamu, mashina yake nayo ni chakula kizuri.

Sasa tuje kwenye kizuizi kikubwa, nacho ni udongo. Ngombe asiyetoka zizini anahitaji karibu ari 40 za majani. Anayechungwa na kuongezewa jioni anatosheka na sehemu tu ya hizo, na sehemu hiyo inaweza kuenea kwenye kingo na mistari ya shamba. Lakini familia nyingi zinalima kwa bwasa. Kila mtu wa Bushi anajua sharti la bwasa: unapanda kinachovunwa kwa msimu, hupandi kinachokaa miaka. Penisetumu linakaa miaka. Ukilipanda, mwenye udongo anaona unataka kumnyanganya shamba. Ndiyo maana maneno mazuri ya waagronomu yanaishia mkutanoni.

Hapo ndipo machifu na wenye udongo wanapaswa kusogea. Wakubali, mbele ya mashahidi na kwa karatasi, kwamba majani yanayopandwa kwenye mstari wa kuzuia mmomonyoko hayampi mpangaji haki yoyote juu ya udongo. Mwenye shamba hapotezi kitu. Mizizi inashika udongo wake usiteremke bondeni kila mvua inaponyesha.

Na wale wanaogawa ngombe kwa jina la maendeleo waanze na swali moja: majani yako wapi? Kumpa mjane ngombe mwezi wa sita bila mstari mmoja wa majani ni kumpa mzigo. Kituo cha INERA kiko Mulungu, katikati ya Kabare. Wenye miradi washirikiane nacho ili vipande vya kupanda vifike vijijini kabla ya mvua.

Tunasikia pia wanaosema: nitapandaje majani wakati ngombe anaweza kuibiwa usiku? Uchungu huo tunaujua, wengi wetu tumeona mazizi yakiachwa matupu. Lakini mwizi haondoki na mstari wa penisetumu. Ngombe akienda, majani yanabaki: yatalisha mbuzi na kobayi, au yatauzwa kwa jirani.

Na kuna amani ya kijiji. Ngombe mwenye njaa anashuka bondeni, ambako wengine wamelima mboga na maharagi ya kipwa. Akiingia humo, asubuhi yake ni kwa chifu, na mara nyingine ni mapanga. Ngombe aliyeshiba nyumbani hana haja ya shamba la mtu.

Zimebaki wiki chache kabla ya mvua. Anayesoma hapa na ana ngombe, au ana jirani mwenye ngombe, atafute leo mahali pa kukata vipande vya kupanda. Mwezi wa sita ujao hauko mbali.