Jumamosi Bila Moshi: Wito kwa Wana-Simiyu



Naomba turudi kidogo Machi 2020. Tarehe 16 ya mwezi ule mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini, kule Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza shule zifungwe, na watoto wetu wengi hawakurudi darasani hadi tarehe 29 Juni. Ila mji wetu wa Bariadi haukufungwa. Soko liliendelea, mabasi ya Mwanza yalitoka stendi, pamba ilipokomaa mizani za vyama vya ushirika, AMCOS, zikapokea wakulima, na Agosti uwanja wa Nyakabindi ukabeba Nane Nane ya kitaifa kwa mwaka wa tatu mfululizo.

Majirani zetu walifungiwa. Uganda ilisimamisha usafiri wa umma, na tarehe 30 Machi ikazuia hata magari binafsi. Kenya ilizuia watu kuingia na kutoka Nairobi kuanzia 6 Aprili. Hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Kampala, vipima hewa vya mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere vikaonyesha vumbi laini la hewani likipungua. Nairobi, watu wakawa wanapanda juu ya maghorofa alfajiri kupiga picha za Mlima Kenya, ulio zaidi ya kilomita 100 kutoka pale. India, wakazi wa Jalandhar wakaiona safu ya Himalaya kutoka kwenye mapaa ya nyumba zao, na wazee wakasema ilikuwa imepita miaka mingi mno tangu waione.

Picha zile zilinifurahisha, nami nikawatumia wengi. Baadaye nikakutana na upande wa pili wa habari, ambao haukupigwa picha. Watafiti waliozifuatilia kaya za Mukuru kwa Reuben, mtaa wa watu wa kipato cha chini hukohuko Nairobi, walikuta baadhi ya waliokuwa wakipikia gesi wamerudi kwenye mafuta ya taa na kuni. Kibarua kilikuwa kimekatika, fedha ya kujaza mtungi haikupatikana. Kwa hiyo siku zilezile mlima ulipoonekana kutoka ghorofani, kuna jiko la chumba kimoja lililokuwa likijaa moshi kuliko mwaka uliotangulia. Barabara ilitakata kwa sababu magari yalizimwa kwa amri. Moto wa kupikia hakuna amri iliyouzima, maana watu lazima wale.

Ndipo nikaufikiria mji wetu. Hata kama Bariadi ingefungwa miezi mitatu, sidhani kama anga letu lingebadilika sana. Moshi wetu hautoki kwenye msururu wa magari wala kwenye mabomba marefu ya viwanda. Unatoka kwenye mafiga, kwenye lundo la taka nyuma ya nyumba, kwenye shamba la pamba baada ya mavuno. Kutufungia ndani kungetusogeza karibu zaidi nao. Na kwa watoto ndivyo ilivyokuwa, japo hatukufungiwa. Shule zilipofungwa, mama aliyekuwa akiwasha moto asubuhi na jioni akawasha na mchana pia, na wadogo wakakaa palepale jikoni kwa sababu ndipo mama alipo.

Tunajua kinachowaka humo. Kuni zimekuwa adimu, basi tunaongeza miti ya pamba, mabua ya mahindi, na sehemu nyingine samadi kavu. Vitu hivi hutoa moshi mzito. Chembe zilizo hatari zaidi ndani ya moshi huo hatuzioni: upana wake ni kama sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele, zinapita puani, zinashuka hadi mwisho wa mapafu, na nyingine zinaingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka huohuo wa 2020. Serikali yetu imekuwa ikitaja vifo vipatavyo 33,000 kila mwaka hapa Tanzania. Hatukutangaziwa vifo hivyo kama vya korona. Vinaandikwa nimonia, vinaandikwa moyo, vinaandikwa kiharusi.

Mnakumbuka kupiga nyungu enzi za korona. Tulijifunika shuka juu ya sufuria ya majani ya mwarobaini na mchaichai, tukavuta mvuke kwa nguvu zote tukitafuta kufungua kifua. Sitasahau jioni moja nilipotoka chini ya shuka, jasho likinitiririka, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua uani kwa jirani. Wiki moja kabla, aliyekuwa akichoma ni mimi. Tulikuwa tunayahangaikia mapafu yetu ndani ya nyumba na kuyaumiza nje, wala haikuwa kwa ubaya. Hatukuwahi kuviweka vitu hivyo viwili pamoja.

Ombi langu kubwa linaanzia hapo, kwenye taka. Tangu mwishoni mwa 2015 nchi nzima imekuwa na desturi ya kufanya usafi Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ni desturi njema na ninaipenda: maduka yanafungwa saa chache, watu wanatoka na mafagio, mnasalimiana na jirani ambaye hamjaonana wiki tatu. Lakini angalieni inavyoisha. Majani, makaratasi, chupa za maji, vifungashio vya maandazi, nepi za watoto, vyote vinakusanywa pamoja na kiberiti kinawashwa. Saa nne asubuhi mtaa mzima uko ndani ya wingu, na waliofagia ndio wa kwanza kukohoa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, lakini plastiki nyingine bado ni nyingi, nayo ikiungua kwa moto mdogo wa uani hutoa sumu ambazo moto wa majani matupu hauna.

Nawaomba tuache kuchoma siku hiyo. Majani na maganda yaingie shimoni yaoze, yatafaa bustani ya mchicha. Chupa zikusanywe kando, kuna vijana wanazinunua kwa kilo. Kitakachobaki ni kidogo, na hicho ndicho tukidai halmashauri ikichukue kwa wakati. Mzigo wa kirundo kimoja kidogo kila mtaa ni rahisi kuudai kuliko mlima wa taka zilizochanganyika.

Jikoni ni pagumu zaidi, na sitaki kuwahubiria akina mama kana kwamba wanachagua moshi. Mkaa unauzwa kwa kopo, gesi haiuzwi kwa kopo. Anayepata fedha ya leo leo hawezi kulipa kwa mkupuo hata kama hesabu ya mwezi ingempa nafuu. Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na mitungi ya ruzuku imekuwa ikitolewa. Mtungi wa kwanza si tatizo kubwa tena. Tatizo ni kuujaza mara ya pili na ya tatu, na ndiyo maana nyumba nyingi mtungi unakaa pembeni umefunikwa kitambaa. Vikundi vyetu vya VICOBA vinaweza kuwa na mfuko mdogo wa kujaza gesi kwa zamu. Wanaume wenzangu, hela ya gesi tuihesabu pamoja na hela ya vocha na ya mafuta ya pikipiki. Na pale ambapo gesi bado ni ndoto, jiko banifu, kuni zilizokauka vizuri na dirisha moja lililotobolewa juu ya mafiga vinapunguza moshi leo, bila kumsubiri mtu.

Kwa wakulima nina neno fupi. Masalia ya pamba lazima yang'olewe na kuteketezwa ifikapo 15 Septemba ili wadudu waharibifu wa pamba wasivuke msimu. Sheria hiyo ina sababu na tuifuate. Ila tuyaache yakauke kwanza, na tuyachome mchana moshi unapopanda juu. Jioni hewa ya chini ikipoa, moshi hulala palepale tunapolala. Viongozi wa AMCOS nao waulize juu ya mkaa mbadala wa miti ya pamba, maana umekwisha kujaribiwa.

Najua wapo watakaosema watu wetu hawabadiliki. Wana-Simiyu wenzangu, mwaka 1986, wengi wetu tulipokuwa bado Mkoa wa Shinyanga, mradi wa hifadhi ya ardhi, HASHI, ulikuta nchi imekaribia kuwa jangwa. Wataalamu walileta miche, lakini kilichoirudisha nchi kwa kiasi kikubwa ni ngitili, maeneo ya malisho yanayofungwa kwa muda, desturi tuliyojifunza kwa babu zetu. Wazee waliketi kwenye dagashida, baraza letu la kimila, wakakubaliana wapi pafungwe na aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati atozwe nini. Hadi mradi unakwisha 2004, mamia ya maelfu ya hekta yalikuwa yameota tena miti na majani. Na mwaka 2020, ndani ya wiki chache kila duka la Bariadi lilikuwa na ndoo ya maji na sabuni mlangoni, na vibuyu chirizi vikaning'inia hadi kwenye shule za vijijini.

Basi mwenyekiti wa mtaa, liweke jambo hili kwenye ajenda ya mkutano ujao, nawe mwananchi nyoosha mkono kama hataliweka. Tukubaliane Jumamosi moja tu ya kuanzia, bila kiberiti. Mimi nitaleta koleo la kuchimbia shimo. Wengine waje na reki na viroba vitatu kila kaya: kimoja cha majani, kimoja cha chupa, kimoja cha yaliyobaki. Saa moja asubuhi, jua likiwa bado la chini, tuanze.