Kombe Linalong'aa Halikuokotwa

Ukitoka Fort Jesus ukiingia Ndia Kuu utayakuta mezani: makombe yenye umbo la koni, madoadoa ya kahawia, yamepangwa kama mahamri. Uliza yametoka wapi, jibu ni lile lile. "Mwanangu, haya yalikufa yenyewe. Bahari imeyatupa, sisi tumeokota tu."

Ami, samahani, lakini huo ni uongo, na sote hapa kisiwani tunaujua. Kombe lililotupwa na bahari limepauka, mchanga umelisugua, na mara nyingi kaa ashahamia ndani. Lako linang'aa kama vikombe vya harusi. Tena konokono huyu akiwa hai hufunikwa na ngozi nyembamba ya rangi ya udongo juu ya kombe lake. Ili ling'ae hivyo, mtu kamtoa mwambani mzima, kamuua, kalikwangua.

Na si mnyama wa kuchezea. Huwinda usiku, ana jino la sumu analolirusha kama chusa. Mmoja wao, Conus geographus, yuko pwani yetu. Humeza samaki, na ameshaua watu. Dawa ya kuizima sumu yake haipo. Yule kijana anayempigia mbizi analipwa ngapi kwa kuuhatarisha mkono wake?

Lakini kinachoniuma hasa ni hiki. Mamangu hujidunga insulini kabla ya kula. Mwaka 2015 wanasayansi walieleza kwamba geographus hutumia insulini yake kama silaha: sukari ya samaki inashuka, analegea, anamezwa. Insulini hiyo hufanya kazi upesi sana, na sasa watafiti wanajifunza kwayo jinsi ya kutengeneza ya binadamu iliyo ya haraka zaidi. Sumu ya nduguye, Conus magus, ilishazaa dawa ya maumivu makali, ziconotide, iliyoidhinishwa Marekani 2004. Sisi? Nyama jalalani, kombe likapambe bafu la mtu Ulaya.

Utaniuliza watu wale nini. Wauze halwa, kofia za mkono, vijisanduku vya mbao, kahawa; Mji wa Kale haujawahi kukosa cha kuuza bana. Usiniambie biashara ya mtaa mzima inasimama kwa konokono.

Jana nimepita tena. "Hili kubwa nakupa bei ya mwenyeji," ami akaniambia, akalisugua kwa kikoi. Nilikuwa natoka duka la dawa, insulini ya mama mfukoni, imezungushiwa barafu.