Jino la kauri hushikwa na mfupa, si bei

SIKU hizi si ajabu mtu aliyeng'olewa jino kuelezwa kwamba anaweza kupandikiziwa jingine la kauri, jeupe pe, lisilo na chuma. Wengi huvutiwa na weupe huo, na swali lao la kwanza huwa ni bei. Kwa maoni yangu, swali la kutangulia ni hili: je, mfupa wa taya uko tayari kulipokea?

Yafaa ieleweke kuwa jino hilo halibandikwi kwa gundi. Kinachoingizwa kwenye taya ni mzizi bandia wenye umbo la skrubu. Daktari wa meno hutoboa mfupa kwa keekee, huku akiupoza kwa maji ili usiungue, kisha huukaza mzizi humo. Mwanzoni mzizi hushikiliwa kwa kubanwa tu, kama skrubu ubaoni. Kazi iliyobaki ni ya mwili wa mgonjwa.

Damu huganda kuuzunguka mzizi, kisha seli za kujenga mfupa husogea na kuweka mfupa mpya, ambao huwa dhaifu kabla ya kukomaa. Wakati huo huo, seli nyingine huondoa mfupa wa zamani ulioumizwa na keekee. Ndiyo sababu, aghalabu kati ya wiki ya pili na ya nne, mshiko hupungua kuliko siku ya kwanza. Mgonjwa asiyesikia maumivu akaanza kutafunia mahindi ya kuchoma upande huo, mzizi hutikisika, na badala ya mfupa huota nyama ya kovu. Hapo gharama yote imepotea.

Jambo hili lilianza kufahamika mwaka 1952, pale Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alipoona titani imeshikamana na mfupa wa sungura. Mwaka 1965 alimtibu mtu kwa mara ya kwanza kwa njia hiyo. Kauri za awali, za oksidi ya alumini, zilivunjika upesi. Ya sasa, zirkonia, ni imara zaidi. Uso wake hukwaruzwa kwa mchanga maalumu au asidi, ili mfupa uingie katika vishimo visivyoonekana kwa macho na kuung'ang'ania.

Zirkonia haipati kutu wala haionyeshi weusi chini ya ufizi mwembamba. Hata hivyo, titani imefuatiliwa kwa miaka mingi zaidi. Anayeambiwa kwamba kauri ni bora kwa kila mtu, basi amesikia sauti ya biashara, si ya tiba. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Linaloniudhi ni kuona wagonjwa wakichagua rangi ya jino kabla ya kupimwa sukari. Kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kupona na hukaribisha maambukizi. Sigara hupunguza damu inayofika kwenye kidonda. Ugonjwa wa fizi usiotibiwa hula mfupa ule ule unaotegemewa. Isitoshe, wanaotumia dawa za kuimarisha mifupa, hasa wanaodungwa kwa sababu ya saratani, ni sharti wamweleze daktari wa meno, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo huweza kufanya taya isipone baada ya upasuaji.

Kwa hivyo, sisi madaktari wa kawaida na wenzetu wa meno tushirikiane: sukari ipimwe, fizi zitibiwe, sigara iachwe, ndipo tarehe ya upasuaji ipangwe. Naye mgonjwa akubali kungoja, mara nyingi miezi mitatu hadi sita, kabla ya kutafuna bila hofu. Wapo wachache wanaoweza kuwekewa jino la juu siku hiyo hiyo, lakini hata kwao mfupa hauharakishwi.

Na asiyemudu gharama asione haya kuvaa meno bandia ya kutoa na kurudisha. Yakitengenezwa vyema na kusafishwa kila siku, atakula na kucheka kama wengine.