Tusiishie kununua makontena Guangzhou

Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou wanaijua vyema mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli. Huko hununua nguo, vipuri na samani, wakapakia makontena ya kupeleka Mombasa na Dar es Salaam. Ni wachache wanaojua kwamba katika jiji hilo hilo, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha China Kusini, kuna kituo kinachotafiti mbegu zilizorudi kutoka anga ya juu.

Mwezi Novemba 2020 chombo cha Chang'e-5 kilikwenda Mwezini kikiwa na gramu 40 hivi za mbegu za mpunga za kituo hicho. Zilirejea baada ya siku 23, zikapandwa, na mwaka 2021 zikavunwa Guangzhou. Mwaka 2022 China ilipiga hatua nyingine: mpunga ulioteshwa ndani ya kituo cha anga cha Tiangong, kutoka mbegu hadi mbegu, kwa siku 120.

Habari hizi zinaonyesha kwamba kuishi angani si suala la roketi peke yake. Kituo cha Anga cha Kimataifa hakijakosa watu tangu Novemba 2000, na Tiangong nayo ina wanaanga wanaopokezana kila baada ya miezi sita hivi. Hata hivyo, karibu chakula chao chote hupelekwa kutoka duniani. Binadamu hawezi kuweka makazi ya kudumu Mwezini wala Mars kabla hajajua kulima huko.

Wapo wanaouliza: sisi tunahusika vipi na anasa hiyo, wakati kwetu mvua ikikosekana watu hulala na njaa? Swali hilo ni la haki. Lakini mbegu haibagui. Mionzi ya angani hubadili chembe za urithi za mmea. Mbegu nyingi haziambulii kitu, ila chache huweza kupata sifa mpya, kama vile kustahimili ukame au magonjwa.

Njia hiyo si ngeni kwetu. Kwa kutumia mionzi hapa hapa duniani, Kenya ilipata ngano ya Njoro-BW1 mwaka 2001, na Zanzibar ikapata mpunga wa SUPA BC mwaka 2011. Mwezi Novemba 2022 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na Shirika la Chakula na Kilimo yalipeleka mbegu za mtama kwenye Kituo cha Anga cha Kimataifa. Mtama ni chakula chetu tangu enzi za mababu.

Wala mlango haujafungwa. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa na China zilichagua miradi tisa ya utafiti ya kufanyika Tiangong. Mmoja wapo, unaohusu upoozaji wa mitambo, ni wa Chuo Kikuu cha Machakos cha Kenya na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma. Jina lake ni Baridi Sana. Waliobisha hodi walifunguliwa.

Kwa maoni yetu, serikali za Afrika Mashariki zifanye mambo mawili. Kwanza, ziombe nafasi kwa ajili ya mbegu zetu wenyewe, za mtama, mhogo na mpunga, na zipeleke vijana kusomea fani hiyo Guangzhou. Pili, na hili ni kubwa zaidi, kabla mbegu hata moja haijaondoka, mkataba uandikwe kueleza nani atamiliki aina mpya itakayopatikana. Itakuwa aibu mkulima wa Kilombero au Mwea auziwe mbegu iliyotoka shambani kwake.

Biashara ya makontena iendelee, kwani inalisha familia nyingi. Lakini siku binadamu watakapohamia angani, watakwenda na mbegu za wale walioshiriki mapema. Wahenga walisema: asiyekuwepo na lake halipo.