Msiniambie Ni Bahati

Kuna sifa moja ambayo mimi naisikia kama tusi. Mtu anaiona picha ya mtaani iliyopigwa usiku, nyeusi na nyeupe. Mpita njia amekatiza chini ya taa, na kivuli chake kimegusa ukuta pale hasa kilipotakiwa. Naye anaandika: "Aisee, ulibahatika!" Basi, hana la zaidi. Hata wahakiki wetu, ambao wangekusuta mchana kweupe ungesema Shaaban Robert alibahatika kupata vina, wakifika kwenye picha wanaweka kalamu chini na kusema bahati.

Nasema hapana. Nitaeleza kwa nini, ila mnivumilie, maana hata mimi nina deni kwenye neno hili.

Tuanze na usiku wenyewe. Mchana mwanga uko kila mahali, unaweza kutembea huku unabonyeza. Usiku mwanga ni haba na una mahali pake: nguzo ya taa, balbu ya muuza chipsi, duka la dawa ambalo halijafungwa. Ukiiacha shata wazi muda mrefu, anayetembea anageuka ukungu. Ukiifunga haraka, unaambulia giza. Ukichukua filamu ya ISO 400 ukaitumia kama ya 1600, chembe zinajaa kama mchanga na vivuli vinameza nusu ya mtaa. Kwa hiyo mpiga picha wa usiku anatafuta kwanza mwanga. Anachagua ukuta, anaseti umbali kwenye lenzi, anaacha nafasi tupu, kisha anasubiri mtu aje kuijaza. Na kwa kuwa ameondoa rangi, hana tena kanga nyekundu ya kumwokoa. Mpangilio ukiwa mbovu, unabaki uchi.

Mchukueni Brassaï, mzaliwa wa Brassó kule Transylvania, aliyejipa jina kutokana na mji wake. Kitabu chake Paris de nuit kilitoka 1933. Bwana huyu alizunguka usiku na kamera ya mabamba ya kioo na stendi ya miguu mitatu. Muda wa kuacha lenzi wazi aliupima kwa sigara: aina moja mwanga ukiwapo, nyingine iliyowaka muda mrefu zaidi giza likizidi. Jamani, sigara nzima! Mtu anayesimama kwenye baridi akingoja sigara iishe amebahatika nini? Na baadhi ya picha zile waliigiza rafiki zake mwenyewe. Wapo wanaosikia hilo wakasema kumbe alitudanganya. Mimi sioni udanganyifu. Marafiki wale walijua wanafanya nini, kama waigizaji wanavyojua jukwaani.

Watetezi wa bahati wana shahidi wao, Henri Cartier-Bresson, na picha yake ya 1932 ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, Paris. Ni ya mchana, lakini haikosi kutajwa. Alipitisha lenzi kwenye mwanya wa uzio, hakuona vizuri, mtu akaruka. Sawa, hapo bahati ilikuwapo, sibishi. Ila tazameni jina la kitabu chake cha 1952. Kwa Kiingereza kilipewa jina linalohusu wakati wa kuamua, na wapiga picha wakaligeuza kuwa dini. Kwa Kifaransa kinaitwa Images à la sauvette, maneno wanayoyatumia Wafaransa kwa mchuuzi anayeuza barabarani bila kibali, jicho moja kwa mteja, jingine kwa polisi.

Yaani mmachinga! Picha za kimachinga. Sasa nani amewahi kumwambia mmachinga kwamba anauza kwa bahati? Anajua kona ipi ina wateja saa ngapi. Anajua mgambo hutokea upande gani, na bidhaa zake amezipanga juu ya turubai ambalo akilikunja mara moja ni mzigo begani. Mteja kutokea ghafla ni bahati. Mteja huyo kumkuta mmachinga hapo, tayari, si bahati.

Picha yangu ambayo watu wameisifu kwa neno hilo niliipiga Kariakoo, mbele ya mlango wa chuma wa duka lililofungwa. Nilikuwa nimekwenda kona ile jioni nne. Upande wa kushoto nilikuwa nimeuacha wazi makusudi. Usiku wa nne akapita kijana anarudi nyumbani na sanamu la kuvalishia nguo begani, yale tunayoyaita midoli, na daladala iliyokuwa inakata kona ikammulika. Kwenye ule mlango kikasimama kivuli cha mtu mwenye vichwa viwili. Mdoli ule sikuuagiza, wala daladala. Nafasi ya kivuli kile, hata hivyo, ilikuwa imeandaliwa tangu usiku wa kwanza.

Sasa deni langu. Neno bahati linaficha kazi, na linaficha hatia pia.

Novemba 1943, nje ya jumba la opera la Metropolitan, New York, Weegee alipiga picha inayoitwa The Critic. Mabibi wawili wamevaa manyoya na vito, pembeni mwanamke mchakavu anawakodolea macho. Watu waliipokea kama zawadi ya mtaa, tajiri na fukara wamekutana kwenye mwako mmoja wa flashi. Miaka ikapita, msaidizi wake akasimulia kwamba mwanamke yule waliletwa naye pale, amekwisha kunyweshwa pombe. Mabibi wale wawili majina yao tunayo hadi leo. Yeye amebaki "yule mlevi".

Kabla sijamrukia Weegee, nijirukie mwenyewe. Niliwahi kumpiga picha mlinzi aliyelala barazani, mdomo wazi, rungu limemdondoka. Niliiona sura ile, nikasogea hatua mbili, nikangoja gari lipite limmulike. Watu wakasema nimebahatika, nami nikaitikia asante. Kwa nini nisiitikie? Neno lile lilinisafisha. Ukisema bahati, basi hakuna aliyesogea wala aliyengoja, na mlinzi hakuibiwa usingizi wake wala hakuhatarishiwa kibarua chake. Picha ile nimeiondoa, lakini walioiona wamekwisha kuiona.

Ndiyo maana nawaomba wahakiki waliache neno hili, au walilipie. Picha ya usiku ikiwekwa mbele yenu, ulizeni mnavyouliza kwenye riwaya. Amesimama wapi anayesimulia? Ameacha nini nje ya fremu? Alingoja nini? Aliyemo ndani anajua kwamba yumo? Mkishajibu hayo, kikibaki kitu ambacho hakuna aliyekipanga, hicho kiiteni bahati, nami nitakubali. Kwenye picha yangu ya Kariakoo, hicho ni mdoli na taa za daladala. Kwenye picha ya mlinzi hakikubaki chochote. Yote niliyafanya mimi.