Jakarta Inazamishwa na Pampu

Kila mafuriko yanapoikumba Jakarta husikika kwamba bahari inapanda na kuumeza mji. Ni kweli inapanda, lakini wastani wa dunia ni milimita 3 hadi 4 kwa mwaka. Ardhi ya kaskazini mwa Jakarta imekuwa ikididimia kwa sentimita kadhaa kila mwaka, na kuna mahali ilipopita 10. Mkosaji mkuu ni pampu. Maji yakivutwa kutoka chini, tabaka za udongo wa mfinyanzi zilizoyahifadhi hubanana, na uzito wa majengo huzidi kuzishindilia. Zikishabanana, hata mvua ya masika mazima haiziinui tena. Pale Muara Baru, mtaa wa pwani ya kaskazini, msikiti wa Wal Adhuna umebaki upande wa pili wa ukuta wa bahari, maji yamejaa walipokuwa wakisujudu waumini.

Basi lawama huhamishiwa kwa wakazi: wao ndio wachimba visima. Dai hili linaniudhi. Mabomba hayajamfikia kila mtu katika mji wa watu zaidi ya milioni 10, na mito yake imechafuka mno. Aliyekosa bomba na mto anywe nini? Tangu mikataba ya 1997 hadi mwanzoni mwa 2023 huduma ya maji iliendeshwa na kampuni binafsi, na muda wote huo nyumba nyingi zilibaki bila bomba. Isitoshe, visima virefu kabisa, vinavyonyonya tabaka za kina, ni vya viwanda, hoteli na maduka makubwa, si vya mama muuza chakula kichochoroni.

Ukuta wa bahari, je? Umesimama juu ya ardhi ileile inayodidimia, nao unashuka pamoja nayo.

Wengine wanategemea mji mkuu mpya wa Indonesia, Nusantara, kule Kalimantan Mashariki, mpango uliotangazwa 2019. Ofisi zinaweza kuhama. Wavuvi wa Muara Baru watabaki na bahari yao mlangoni.

Dai la mwisho ndilo baya zaidi: kwamba hakuna la kufanya. Tokyo ilididimia vilevile, na baadhi ya maeneo ya wilaya yake ya Koto yalishuka zaidi ya mita 4. Sheria za 1956 na 1962 zikabana uvutaji wa maji ya ardhini viwandani na kwenye majengo, na viwanda vikapelekewa maji kutoka kwingine. Kufikia miaka ya 1970 kasi ilikuwa imepungua sana. Ardhi iliyoshuka haikupanda tena, na watu wengi wa Koto bado wanaishi chini ya usawa wa bahari nyuma ya kingo, lakini mtaa wao haushuki tena kama zamani.